Vijivu viwili, sebule moja

Kama hujawahi kununiana na mtu unayempenda kwa sababu ya kijivu, mshukuru Mungu wako. Mimi yamenikuta, na hapa ninapoandika kucha zangu bado zina madoa. Sizungumzii ugomvi wa nyekundu na kijani, huo hata mtoto wa chekechea anauelewa. Nazungumzia kijivu na kijivu. Vyote vyepesi, vyote vinaelekea weupe, na ukivipita harakaharaka dukani utaapa ni kopo moja limegawanywa mara mbili.

Mimi na mchumba wangu tumepanga chumba na sebule Sinza. Wapangaji wenzangu mnajua, ukishatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo mfuko unabaki unapiga miayo. Mama mwenye nyumba alituruhusu kupaka rangi kwa sharti kwamba gharama ni zetu, na siku tukihama hatung'oi kitu. Sasa jamani, rangi inang'olewaje? Kuta zenyewe tulizozikuta mnazijua: chini rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kiuno, juu chokaa iliyokuwa krimu enzi zake, na pembeni ya swichi alama za vidole vya wapangaji wote waliotutangulia. Harusi ni miezi miwili ijayo, wakwe watakuja kukaa pale pale, kwa hiyo sebule ilikuwa lazima ibadilike.

Mwenzangu ana ule ugonjwa wa vijana wa siku hizi, kila kitu anakitafuta kwenye simu. Akaniletea picha za sebule za Marekani, makochi makubwa, zulia jeupe ambalo Dar halifiki Jumatano, na kuta za kijivu. Kumbe Wamarekani wana vijivu viwili wanavyobishania kila siku, vyote vya kampuni ya Sherwin-Williams, ile iliyoanzishwa mwaka 1866 mjini Cleveland, Ohio. Kimoja kinaitwa Agreeable Gray, namba yake SW 7029. Cha pili Repose Gray, SW 7015. Jina la kwanza maana yake kijivu kinachokubalika na watu, la pili ni kijivu cha mapumziko. Mimi nikapenda cha kwanza. Yeye akapenda cha pili. Ndiyo ikawa mwanzo wa mambo.

Mwanzoni nilidhani ananitania, maana kwenye kioo cha simu sikuona tofauti yoyote. Tukatafuta namba. Kila rangi ya ukutani ina namba ya mwanga, yaani kati ya mwanga wote unaoipiga, inarudisha kiasi gani. Sifuri ni weusi usiorudisha kitu, 100 ni weupe wote. Agreeable Gray ni 60, Repose Gray ni 58. Tofauti ya mbili tu! Halafu kuna zile namba tatu za kompyuta, nyekundu, kijani na bluu. Agreeable Gray ni 209, 203 na 193. Repose Gray ni 204, 201 na 192. Ukiziangalia kwa makini unagundua kitu. Kwenye cha kwanza nyekundu imeizidi bluu kwa 16, kwenye cha pili imeizidi kwa 12. Kwa hiyo hakuna hata kimoja ambacho ni kijivu kitupu. Vyote vina joto kidogo ndani, ila cha kwanza kimezidishiwa. Kina ukahawia umejificha, kama chai iliyoingia maziwa mengi. Cha pili kimetulia, na mwanga ukibadilika kinaweza kukuonyesha ubluu au hata uzambarau ambao hukuununua.

Fundi wetu, ambaye shule alikimbia darasa la tano, alilieleza hili vizuri kuliko simu. Alisema, "Shemeji, kijivu si jivu? Basi kuna jivu la kuni na jivu la mkaa. La kuni limeungua likaisha, jeupe, lina unjano kwa mbali. La mkaa bado lina chembe nyeusi ndani, linavuta ubluu. Chagueni mnataka jiko gani." Tangu siku hiyo sisi nyumbani hatusemi tena Agreeable wala Repose. Ni Kuni na Mkaa. Na fundi hakukosea hata kitaalamu, maana rangi nyeupe ukiichanganya na nyeusi ya masizi peke yake, kijivu kinachotoka kinaelekea bluu. Wachanganyaji wanatia njano ya udongo na nyekundu kidogo ili kukipasha moto. Ugomvi wetu wote ulikuwa juu ya matone hayo machache.

Jumamosi tukaenda Kariakoo. Duka tulilofika lilikuwa na rangi za hapa hapa nchini, kwa hiyo muuzaji akatoa kadi zake tukatafuta vijivu viwili vinavyokaribiana na vile vya kwenye simu. Tukavipata. Nikaviweka karibu na mlango kwenye mwanga, nikaanza kumwonyesha mwenzangu jinsi Mkaa unavyopooza. Nilikuwa kwenye sentensi ya pili hivi aliposema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ongea tu, hela si natoa mimi."

Muuzaji akajifanya anahesabu brashi. Mimi nikaendelea kushika kadi, macho kwenye kadi.

Naomba nieleweke hapa. Hakunitukana, na wala si mtu mbaya. Lakini dada yeyote anayesoma hapa anajua sentensi ile inavyoingia. Mimi naandika makala za vipande vipande, wiki nalipwa, wiki nazungushwa, na yeye ana mshahara kila mwisho wa mwezi. Hilo linajulikana. Sasa kama kwenye rangi tu nimeshaambiwa, je, kwenye shule ya watoto? Kwenye kumleta mama yangu akiugua? Nilifungua pochi, nikatoa hela ya malipo ya makala tatu, nikamwambia muuzaji atupe makopo mawili ya lita moja moja ya majaribio, Kuni na Mkaa, nikalipa. Kwenye daladala mpaka Sinza tulikaa kiti kimoja kama watu wasiofahamiana.

Basi majaribio yakaanza, na hapa ndipo nilipojifunza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia.

La kwanza, usijaribu rangi mpya kwenye ukuta wenye rangi ya zamani ukategemea kuona ukweli. Fundi alipaka Kuni kidogo juu ya ule mstari wa kijani, tukashtuka wote, kimekuwa kama uso wa mtu aliyepaka poda ya waridi. Rangi ilikuwa ile ile. Tatizo lilikuwa jirani yake. Kijivu kikikaa karibu na kijani, macho yanakisukumia wekundu. Kuna Mfaransa aliwahi kulifuatilia jambo hili, mwanakemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa upakaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zimepauka. Akazipima, akaona hazina kasoro. Kilichoziharibu ni nyuzi za bluu na zambarau zilizofumwa ubavuni mwake. Akaandika kitabu kizima juu ya rangi na majirani zake, kikatoka mwaka 1839. Kwa hiyo ukiona kijivu chako kinakusaliti, kabla hujarudi dukani kugomba, angalia kwanza pazia, kochi na zulia.

Tulichofanya ni kuchana boksi la friji la jirani, tukapata vipande viwili vikubwa, kila kimoja kama meza ndogo. Tukapaka mikono miwili kila kipande, tukaacha ukingo mweupe pembeni. Rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya, nyingi hukolea kidogo zikikauka, kwa hiyo tulisubiri mpaka kesho yake. Halafu vipande tukawa tunavihamisha ukuta mpaka ukuta kama wapiga picha. Kile kikadi cha dukani kinachoingia mfukoni hakitoshi. Rangi ikienea ukuta mzima inaongezeka nguvu, na kile ubluu kidogo ulichokipuuza kwenye kadi kinakuja kukusalimia kila asubuhi.

La pili ni jua. Mwenzangu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini hupata mwanga wa baridi, wa bluu, na kwamba humo ndimo kijivu cha joto kinahitajika. Dirisha letu liko kaskazini. Ungetegemea ushauri huo unisaidie mimi, lakini nikaukataa, kwa sababu haki ni haki. Ule ni ushauri wa Marekani na Ulaya. Kule jua la mchana linapita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua la mchana hata siku moja. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi mpaka karibu tarehe 10 Oktoba, jua letu la saa sita linapita upande wa kaskazini. Desemba ndiyo liko kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hapa kwetu lina jua zaidi ya nusu ya mwaka. Ukichukua ushauri wa Ohio ukaubandika Sinza, umepanda daladala ya njia nyingine.

Na hata hivyo, Sinza nani anapata jua la kwenye vitabu? Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani, hatua nne tu, na jirani kaupaka rangi ya papai. Saa nne asubuhi mwanga unagonga papai ndipo unaingia kwetu. Saa hiyo Mkaa unapendeza jamani, nasema ukweli, unakuwa laini, na Kuni inakuwa kama ugali wa dona. Mwenzangu alifurahi kweli. "Unaona? Unaona?" Nikasema naona, ila saa nne asubuhi wewe uko kazini Posta na mimi niko kwenye kompyuta chumbani. Sebule yetu inaishi usiku.

Ndipo tukafika kwenye taa, na hapo kesi ikageuka. Chukua boksi la taa yoyote dukani, utaona namba inayoishia na herufi K. Zile nyeupe tulizozizoea mitaani nyingi zimeandikwa 6500K, mwanga wake unavuta ubluu. Zile za njano ni 2700K au 3000K. Chini ya taa nyeupe, Mkaa wetu uligeuka ukuta wa plasta. Siongezi chumvi. Ulikuwa saruji, ile ya nyumba ambayo fundi kaenda kula hajarudi. Kuni chini ya taa ile ile ilisimama vizuri, kijivu kweli, safi. Tukabadilisha taa, tukaweka ya njano. Mkaa ukarudi kuwa mzuri, Kuni ikawa krimu, ukijivu wote umekimbia. Yaani vile vikopo viwili, usiku, ni rangi nne.

Kwa hiyo swali halikuwa tena unapenda kijivu gani. Lilikuwa, utawasha taa gani? Mwenzangu akasema taa ya njano hataki kuiona sebuleni, inamkumbusha gesti. Nikamwambia kama taa ni nyeupe basi Mkaa haufai. Akasema tutazoea. Tukalala hapo.

Siku iliyofuata fundi, ambaye alikuwa na haraka zake, akapaka kipande cha ukuta kwa Mkaa, mita moja kwa mita moja, juu kabisa mbali na kijani. Usiku mwenzangu akapiga picha chini ya taa nyeupe akamtumia mama yake Morogoro. Mama mkwe si mtu wa kuandika, anatuma sauti. Tukaifungua tukiwa tunakula. "Hongereni wanangu. Plasta imenyooka vizuri, fundi wenu anajua kazi. Sasa rangi mtapaka lini?"

Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye alicheka kidogo, kisha akanyamaza, akaacha kula.

Baadaye sana, nikiwa naosha vyombo, ndiyo akaja kusimama mlangoni akanieleza. Nyumba aliyokulia Morogoro ilipigwa plasta mwaka alioanza darasa la kwanza. Rangi ilikuwa inakuja. Kila mwaka ilikuwa inakuja, halafu inatokea ada ya mmoja wao, mwaka unaofuata ada ya mwingine. Watoto watano. Mama yake alitundika khanga kwenye kuta za sebule wageni wakija, ili saruji isionekane sana. Mpaka anamaliza kidato cha sita na kuondoka, kuta zilikuwa vile vile. Alivyosikia ile sauti, alisema, aliona mama anaingia kwetu siku ya harusi, anakaa, anaangalia juu, halafu anatafuta khanga kwenye begi lake.

Sikuwa na la kujibu. Akasema basi tuweke Kuni.

Mngedhani nilipiga vigelegele. Nilikuwa nimeshinda, lakini si kwa hoja zangu. Wiki nzima nimeongea habari za taa, nimechana maboksi, nimetetea haki ya jua la Dar es Salaam, hakuna lililomsogeza. Sekunde kumi za mama yake zikatosha. Nikamwambia hilo, na nikamwambia na lile la dukani, kwa sababu lilikuwa bado limekaa kooni. Nikamwambia mama yako alikaa na saruji ili wewe usome, hakuna siku alisema hela zilikuwa za nani. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Ile sentensi haikuwa nzuri." Kwa mwanaume wa kwetu hiyo ni hotuba, nikaipokea kama ilivyo.

Hesabu ya rangi nilipiga mimi. Sebule ina futi 10 kwa 12, urefu wa kwenda juu futi 9. Zunguka kuta zote unapata kama mita za mraba 37. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 33. Mikono miwili, 66. Lita moja ya rangi ya maji nimeipigia mita 10, kwa hiyo unahitaji lita 6 na nusu na kidogo. Makopo mawili ya lita nne nne. Kopo moja nikalipa mimi, moja akalipa yeye, na nilihakikisha yote yamechanganywa siku moja kwa karatasi moja ya vipimo, maana ukirudi wiki ya pili kuongeza, kijivu cha pili kinaweza kuja na mambo yake na mpaka ukaonekana katikati ya ukuta.

Kazi kubwa ilikuwa kile kijani. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta yanayong'aa, inakuja kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Fundi alikipiga msasa siku nzima, sebule ikawa ukungu, akapaka praima, ndipo Kuni ikapanda. Chumbani hatujagusa. Hela ya chumba imeingia kwenye kamati, kwa hiyo huko kijani kipo, na mwenzangu ameshaanza kuniambia kwamba chumbani taa ya njano haina tatizo, kwa hiyo Mkaa unaweza kufaa. Sijakataa. Vile vipande vya boksi nimeviweka uvunguni.

Jana jioni mama mwenye nyumba alipita kutuangalia. Akasimama katikati ya sebule, taa nyeupe inawaka, akapitisha kiganja ukutani, akasema, "Wanangu, hii inaitwaje? Si nyeupe, si krimu." Halafu akauliza kama kuna iliyobaki, apakie korido yake. Imebaki lita moja na kitu. Nikamwambia nitamuuliza mwenzangu akirudi, maana kopo la pili ni lake.